Kadi za maneno zilinifikisha B1, kisha zikanikwamisha: tuzungumze juu ya hatua inayofuata

Muuguzi wa Nakuru (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza Kijerumani kwa nia ya kwenda kufanya kazi Ujerumani, ambako muuguzi wa kigeni kwa kawaida hutakiwa kufikia kiwango cha B2 (hatua moja juu ya B1, katika ngazi za lugha za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2) ndipo taaluma yake itambuliwe. Uzi huu si wa wanaoanza. Anayeanza hana haja ya ushauri mwingi: akate karatasi za manila, aandike neno upande mmoja na maana upande wa pili, azifunge kwa mpira, azipitie ndani ya matatu, na baada ya miezi kadhaa atajikuta na maneno elfu moja kichwani. Nilifanya hivyo katika safari zangu za kila siku kati ya Lanet na mjini, na kadi hazikuniangusha. Ninachotaka tukijadili ni mahali ambapo kadi hizo hizo zilianza kunidanganya.

Ilikuwa katika jaribio la kusoma, tulilopewa darasani ili tujipime kabla ya mtihani wenyewe. Kifungu kilieleza habari za mzee aliyelazwa, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: *Dem Patienten wurde Blut abgenommen.* Kadi yangu ya *abnehmen* ilikuwa na maana moja tu, «kupungua uzito», nami nilikuwa nimeijibu sawasawa mara nyingi kiasi kwamba sikuwa na shaka nayo hata kidogo. Basi nikaelewa kwamba damu ya mgonjwa imepungua, na katika maswali nikachagua jibu lililosema aongezewe damu. Kumbe mzee wa watu alikuwa ametolewa damu ya kupelekwa maabara, jambo ambalo mimi mwenyewe hulifanya kwa mikono yangu karibu kila asubuhi.

Siku yangu ya mapumziko nilizimwaga kadi zote kitandani na kuzihesabu, zilikuwa 1,840. Nikazitenga mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la maneno yasiyo na ugomvi, kama *Nadel*, yaani sindano, na *Knie*, yaani goti. Fungu la pili lilikuwa la maneno ambayo kadi ilinipa maana moja ilhali wenye lugha huyatuma kazi tano, na humo ndimo vilimoangukia karibu vitenzi vyote. *Treffen* nilikuwa nimeandika «kukutana», nisijue kwamba Mjerumani akiamua jambo husema *eine Entscheidung treffen*, kana kwamba amekutana na uamuzi njiani, wakati sisi hukata shauri.

Nasi tusiwacheke. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikabidhiwa kadi yenye neno «piga» na maana ya kuchapa, atafanya nini siku atakapoambiwa apige pasi, apige kura, apige magoti, au atakaposikia kwamba jambo fulani limepigwa marufuku? Hakuna anayechapwa katika hayo yote.

Kwa sasa nimeacha kuandika neno pekee. Ninaandika sentensi niliyoisoma au kuisikia mwenyewe, nikiacha pengo, kama vile tulivyozoea katika maswali ya 1 hadi 15 ya karatasi ya Kiswahili ya KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi. Kadi moja, ya muuguzi anayefunga bandeji mpya, iko hivi. Mbele: *Die Schwester legt einen neuen ______ an*, na chini yake, kwa herufi ndogo, «bandeji». Nyuma: *der Verband*, pamoja na kitenzi chake *anlegen*, na mahali nilipoikuta sentensi hiyo. *Verband* pia ni chama au shirikisho, lakini maana hiyo sikuiweka humo. Siku nitakapoikuta katika gazeti itapata kadi yake.

Ninayo maswali mawili. Je, mtu aliyepita kiwango cha kati aongeze kadi ngapi mpya kwa siku? Na je, upande wa nyuma uandikwe Kiswahili, au sasa niuandike kwa Kijerumani chenyewe?

Fundi Simu wa Bungoma

Dada muuguzi, hongera kwa bidii. Nitalijibu swali la kwanza, kwa kuwa lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo watu wengi hawaifanyi hadi maji yawafike shingoni.

Wazo la kurudia jambo kwa vipindi vinavyozidi kurefuka si la juzi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zilivyomtoka kichwani. Akaona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, kisha upotevu hupungua kasi. Katika miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner aliwapa watu kasha lenye vyumba: kadi ukiijibu sawa inasogea chumba cha mbele ambacho hufunguliwa mara chache zaidi, ukiikosa inarudi chumba cha kwanza. Hata wewe mwenye karatasi za manila unaweza kulitengeneza kwa kasha la viatu na vipande vya kadibodi, wala hakuna umeme utakaopotea ukakukatiza. Kisha Piotr Woźniak wa Poland akaliweka jambo hilo kwenye kompyuta. Katika kanuni yake ya mwaka 1987, kadi uliyoijibu sawa hukujia baada ya siku 1, kisha siku 6, na baada ya hapo muda uliotangulia huzidishwa kwa 2.5 au karibu na hapo. Yaani siku 15, kisha 38, na kuendelea. Programu ya Anki, ambayo Damien Elmes aliitoa mara ya kwanza mwaka 2006, ilijengwa juu ya kanuni hiyo, na tangu 2023 inayo pia kanuni mpya iitwayo FSRS, inayokadiria muda kwa kuangalia historia ya majibu yako wewe mwenyewe.

Sasa hesabu yenyewe. Kila kadi mpya ni deni. Leo unaijibu mara mbili tatu, kesho inakuja, wiki ijayo inakuja, na wakati huo umeshaongeza nyingine. Nilipokuwa nikijifunza Kifaransa niliongeza kadi 25 kila siku kwa sababu wiki ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mwezi wa pili nikawa na marudio 230 kwa siku, na siku tatu za msiba nyumbani zikaniachia zaidi ya 600. Nikaifuta programu kwa hasira. Niliporudi baada ya miezi kadhaa nilianza na kadi 8 kwa siku, na hadi leo sijazidisha. Kwa mtu aliyepita kiwango cha kati ningesema kati ya 5 na 10, kwa sababu sasa muda wako unatakiwa kwenye kusoma na kusikiliza, ambako ndiko hizo kadi zinakotoka.

Jambo jingine: zipo kadi ambazo utazikosa kila zikija. Programu huzitambua, na baada ya kuzikosa mara 8 huzitia alama kwa jina ambalo kwa lugha yetu ni ruba, na kwa kweli hunyonya muda kama ruba. Usishindane nazo. Ifute kadi hiyo, au uiandike upya kwa sentensi nyingine kabisa.

Mwalimu wa Kakamega

Nimesoma kwa makini, na naomba niwe mkaidi kidogo. Nimefundisha lugha shule ya upili kwa muda mrefu, na naona tunalilaumu umbo la kadi kwa kosa la mwenye kadi. Hiyo sentensi yenye pengo anayoisifu mwanzisha uzi ina hila yake. Mwandikie mtoto wa darasa la nne «Haraka haraka haina ______», naye atakujazia «baraka» kabla hujamaliza kuandika. Muulize baraka ni nini, atakutazama. Hakulijua neno, aliujua wimbo wa sentensi. Kadi za sentensi zikirudiwa mara kumi huwa nyimbo. Utaliona neno la kwanza, *Die Schwester*, na mkono utabonyeza jibu wakati akili iko sokoni.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba nazipinga kadi. Kuna utafiti ambao huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu unatuhusu. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger wa Marekani, katika makala yao ya mwaka 2008 kwenye jarida la Science, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu jozi 40 za maneno wayakariri, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili! Wanafunzi wale walihangaika na «mashua» na mengineyo. Waliolijibu neno mara moja kisha wakaendelea kuulizwa, baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 80. Waliolijibu mara moja kisha wakaendelea kulisoma tu bila kuulizwa tena, walikumbuka karibu theluthi moja. Kwa hiyo thamani ya kadi iko katika swali, yaani katika ile dakika ya kukuna kichwa. Anayegeuza kadi haraka ili aone jibu anajisomea orodha tu.

Sasa nije kwenye hesabu nyingine, ambayo ndugu yetu wa Bungoma hakuigusa. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati aliyefanya kazi New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji jamii za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) 8,000 hadi 9,000, akichukulia kwamba msomaji anatakiwa kuyajua maneno 98 kati ya kila 100 yaliyo mbele yake. Hiyo ni lugha ya Kiingereza, na kila lugha ina hesabu yake, lakini sura ya jambo ni moja. Jamii 2,000 za kwanza hukupa takriban maneno 8 kati ya kila 10 ya ukurasa. Katika ukurasa wa maneno 300, anayejua 8 kati ya 10 atagota mara 60. Anayejua 98 kati ya 100 atagota mara 6. Maneno ya mwanzo yanafanana kwa watu wote, na ndiyo maana kadi zilizotengenezwa na mtu mwingine zilikufaa. Baada ya hapo kila neno hutokea kwa nadra, na neno ambalo muuguzi atalikuta kila siku, fundi wa simu hatalikuta mwaka mzima. Orodha ya mtu mwingine haikufai tena hapo. Acha kupakua marundo ya watu, usome mambo ya kazi yako, na neno ulilokutana nalo mara ya pili ndilo liandikiwe kadi. Lililotokea mara moja, liache lipite.

Kuhusu lugha ya upande wa nyuma, mimi sina itikadi. Kama Kiswahili kina neno lake kamili, liandike. Sindano ni sindano.

Jirani wa Kondele

Mwalimu ametaja kupakua marundo ya watu, nami nimecheka peke yangu dukani, kwa sababu lugha ninayojifunza haina marundo ya kupakua. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Kisumu, na ninajifunza Kidholuo. Salamu na majina ya vyakula niliyapata mwaka wa kwanza bila kadi yoyote, kwa kuwa mtu hafi njaa kwa kukosa msamiati. Ugumu ulianza pale ambapo kila mtu alianza kuniona najua, wakaacha kunisemesha polepole.

Kadi zangu nazitoa katika mazungumzo ya soko la Kibuye na ya jikoni kwa mama mkwe. Nilijifunza mapema kwamba nomino ya Kidholuo haiandikwi pekee, kwa sababu wingi wake haukadiriki kwa mtu aliyezoea ngeli zetu: *got*, mlima, wingi wake ni *gode*, *kidi*, jiwe, ni *kite*, *chogo*, mfupa, ni *choke*. Hata ukitaka kusema ni chako neno hugeuka: nyumba ni *ot*, nyumba yangu ni *oda*. Kwa hiyo kadi yangu ya nomino ina maumbo matatu, nami sijihesabii nimepata hadi niyataje yote.

Vitenzi navyo ni kama alivyosema dada muuguzi. Nilikuwa na kadi ya *kech*, njaa, nikawa natafuta namna ya kusema «nina» mbele yake. Mama mkwe akaniambia *kech kaya*, na maana yake ni kwamba njaa inaniuma, kama anavyouma mbwa. Tangu siku hiyo sina kadi ya *kech*. Nina kadi ya *kech kaya*.

Lakini shida yangu kubwa, ambayo sijaona ikitajwa hapa, ni sauti. Maandishi ya Kidholuo hayaonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti, wala hayatofautishi irabu zote zinazotofautishwa na mdomo. *Kendo* kwenye karatasi yaweza kuwa «tena» na yaweza kuwa «kuoa». Karatasi ya manila hainisaidii hapo. Kwa hiyo nilihamia kwenye simu, na mbele ya kadi hakuna maandishi kabisa. Kuna sauti ya mama mkwe akisema sentensi nzima, nami husikiliza, hurudia kwa kinywa, ndipo hugeuza. Mwanzoni alidhani namrekodi kwa ajili ya kesi.

Mwalimu, kuhusu nyimbo: ni kweli, nami nimeliona. Sentensi nilizozirekodi siku moja zote zina kelele za kuku nyuma, na nikisikia kuku najua jibu ni la jikoni.

Msafiri wa Njoro

Swali fupi tafadhali. Hiyo Anki inahitaji bando kila siku, au inafanya kazi bila intaneti?

Fundi Simu wa Bungoma

Kadi zinakaa ndani ya simu. Unazipitia bila bando. Intaneti unaihitaji unapotaka kupakua rundo au kuoanisha simu na kompyuta. Kwenye simu za Android programu hiyo hailipiwi. Kwenye iPhone inalipiwa.

Muuguzi wa Nakuru (mwanzisha uzi)

Ahsanteni sana. Nimekaa na majibu yenu kwa wiki tatu kabla ya kurudi, ili nisije nikajibu kwa maneno matupu.

Nimepunguza kadi mpya kutoka 20 hadi 7 kwa siku, na marudio yangu yameshuka hadi sitini na kitu, ambayo huyamaliza kabla matatu haijafika mjini. Kanuni ya mwalimu, ya kungoja neno lije mara ya pili, ilinitia hofu mwanzoni, kwani nilihisi kama namwaga mtama njiani. Lakini imenitenga na maneno mengi ya mapambo ambayo nilikuwa nikiyakusanya kwa sababu tu yalinipendeza. Maneno ya wodini hurudi yenyewe siku hiyo hiyo.

Mwalimu, kuhusu nyimbo, umenishika pabaya. Nilijipima kwa kumpa mwenzangu wa darasani kadi zangu, akanisomea maneno yale yale katika sentensi alizotunga yeye. Katika kadi 40 ambazo nilikuwa nazijibu bila kusita, nilianguka kwenye 13. Niligundua kwamba yaliyonitupa mengi yalikuwa yanafanana mwanzo: *Versuch*, *Verbrauch*, *Versorgung*, *Verletzung*. Nilikuwa nimeyaingiza siku moja, yakiwa yamepangana kama watoto wa mama mmoja, na hadi leo moja likiitwa huitika mwingine. Sasa maneno yanayofanana nayaachanisha kwa wiki mbili au zaidi. Pia, kadi ikishafika muda wa miezi miwili, hufuta sentensi ya zamani na kuiwekea mpya. Kazi ni ya dakika moja, na wimbo hukatika. Jirani wa Kondele, nadhani hata wewe ukimrekodi mama mkwe mbali na kuku utaona tofauti.

Kuhusu upande wa nyuma nimeamua hivi: nomino za vitu, Kiswahili, vitenzi, sentensi ya pili ya Kijerumani yenye kitenzi hicho hicho kikifanya kazi hiyo hiyo. Kwa Kiswahili nilikuwa najikuta natafuta neno moja la kuziba pengo, na hilo neno moja ndilo lililonifanya nimwongezee damu mzee asiyeihitaji.

Ninalo ombi kwa jirani wa Kondele. Mtihani una sehemu ya kusikiliza, nami kadi zangu zote ni bubu. Unarekodi sentensi ukiwa mbali kiasi gani na msemaji, na unatumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe au ile iliyo ndani ya Anki?

Jirani wa Kondele

Ile iliyo ndani ya Anki yenyewe, kwa sababu huhitaji kutafuta faili baadaye. Simu naiweka mezani kwa umbali wa mkono mmoja, juu ya kitambaa ili isitetemeke. Usimwambie mtu asome. Mtu akisoma hutoa sauti ya kanisani. Muulize swali, umwache ajibu, kisha ukate kipande unachokitaka. Kuhusu kuku, nilijaribu sebuleni Jumapili iliyopita. Zimetoka safi isipokuwa mbili, ambamo mama mkwe anasikika akiniuliza kama chai iko tayari. Hizo nimeziacha zilivyo, na swali la chai nimelitengenezea kadi yake.